Kutengeneza traiki ya mashindano kutoka kwa kwadi ya 450: mwongozo kamili kwa mafundi wa Nakuru na Kisumu

Kwadi ya mashindano ya cc 450, ile pikipiki ya magurudumu manne, ina karibu kila kitu ambacho traiki ya mbio, ya magurudumu matatu, inahitaji: injini yenye nguvu, ekseli, mkono wa nyuma, breki, kiti. Inachokosa ni shingo, lile bomba la mbele ya fremu ambamo usukani huzungukia. Wengi wanaoanza kazi hii hukimbilia ekzosi na pistoni, vitu ambavyo vilitoka kiwandani vikiwa sawa, halafu sehemu ya mbele wanamwachia fundi wa mageti aimalize Jumamosi jioni. Hapa tunakwenda kinyume. Injini itapata aya moja, na shingo itapata karibu mwongozo wote.

Swali la kwanza huwa ni kwa nini mtu asinunue tu traiki iliyo tayari. Ni kwa sababu hazitengenezwi tena. Honda ilitoa ya kwanza Marekani mwaka 1970, ikafika kwenye ATC250R ya mbio mwaka 1981. Kawasaki ikajibu kwa Tecate, Yamaha kwa Tri-Z. Ajali zilizidi, watoto wengi wakiwemo, na mwaka 1988 makubaliano kati ya watengenezaji na serikali ya Marekani yakakomesha uuzaji wa traiki mpya huko. Zilizobaki ni vyuma vya umri wa miaka karibu arobaini, na spea zake ni za kuwinda. Anayetaka traiki yenye injini ya kisasa lazima aijenge. Na anayeijenga akumbuke ni kwa nini ziliondolewa sokoni: hesabu ya uzito hapa chini si pambo.

Kuchagua kwadi

Nenda na sumaku mfukoni. Unataka fremu ya chuma. Honda TRX450R, iliyouzwa kuanzia modeli ya 2004, ina fremu ya chuma; Yamaha YFZ450 ya kwanza, ya mwaka huo huo, vilevile. YFZ450R iliyokuja 2009 ina fremu ya aluminiamu. Ni kwadi nzuri sana, lakini iache. Aluminiamu ikichomelewa hulegea pembeni mwa mshono, na kuirudishia nguvu kunahitaji tanuri ambayo hutaipata kwenye karakana za jua kali.

Kama hii ndiyo mara yako ya kwanza, ushauri wangu ni Honda TRX400EX. Inapozwa kwa hewa, kwa hiyo huna rejeta ya kupigania nafasi na gurudumu la mbele. Ila, kama YFZ450, ina tangi la oili nje ya injini, na utalazimika kulipangia mahali pamoja na mabomba yake.

Kwadi za bei ya chini zinazokodishwa kwa kupigia picha usizikate kabisa. Bomba za fremu zake ni nyembamba, na utakuwa unashonea shingo imara kwenye mwili dhaifu. Hakikisha pia unapewa karatasi za forodha, maana kwadi isiyo na karatasi ikishakatwa haiwezi kuelezeka mbele ya mtu yeyote.

Pima kabla ya kukata

Hatua hii haigharimu chochote na ndiyo inayorukwa zaidi. Kwadi ikiwa bado nzima, pima na uandike: umbali kati ya ekseli za mbele na nyuma (kwa kwadi za 450 huwa karibu milimita 1270), urefu wa fremu kutoka sakafuni pale inapopita chini ya injini, urefu wa kiti, na mahali vikanyagio vilipo. Tafuta sakafu iliyo sawa, uithibitishe kwa pimamaji. Piga picha za nyaya na mabomba kila upande.

Halafu elewa unachopoteza. Kwadi ikikata kona hupindukia kwenye mstari unaounganisha gurudumu la mbele na la nyuma la upande mmoja. Traiki hupindukia kwenye mstari unaotoka gurudumu la mbele, lililo katikati, hadi la nyuma la nje. Mstari huo uko karibu zaidi na mpandaji, na kadiri uzito unavyosogea mbele ndivyo unavyozidi kuukaribia.

Tuseme matairi ya nyuma yako umbali wa milimita 1000, kati kwa kati. Kwadi ina milimita 500 kila upande. Kwa traiki, zidisha hizo 500 kwa sehemu ya uzito iliyo nyuma. Ikiwa asilimia 65 ya uzito iko nyuma, unabaki na 325. Gawanya kwa urefu wa kitovu cha uzito pamoja na mpandaji, tuseme 650: unapata 0.5. Kwadi yenye vipimo hivyo hivyo ingekuwa na 0.77. Hiyo ndiyo nguvu ya kona, ikilinganishwa na uzito wenyewe, ambayo chombo kinavumilia kabla ya kuinua gurudumu huku mpandaji akiwa ameketi bila kujining'iniza.

Sasa cheza na namba. Ukirefusha traiki mbele kwa milimita 100 kutoka 1300 hadi 1400, uzito ulio nyuma unafika karibu asilimia 67 na unapata 0.52. Umetaabika bure. Ukipanua nyuma kwa milimita 100, unapata 0.55. Ukipanua na pia kushusha kitovu cha uzito kwa milimita 50, unafika karibu 0.6. Kwa hiyo pesa iende kwenye ekseli pana na kushusha chombo, si kwenye kukirefusha. Ekseli za mashindano zinazorekebishika upana zinapatikana kwa TRX450R na YFZ450. Inchi 50 kwa jumla, nje hadi nje ya matairi, ndicho kipimo kilichozoeleka katika mbio za kwadi.

Uzito wa mbele usiushushe sana pia. Mimi naridhika na asilimia 33 hadi 38 mpandaji akiwa ameketi. Chini ya hapo, gurudumu la mbele linateleza moja kwa moja badala ya kukata kona, na kwenye mlima linakutazama usoni.

Foku, vibano na tairi

Foku, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, itoke kwenye pikipiki ya motokrosi ya 250 au 450, yenye miguu ya milimita 45 au zaidi. Foku ya Boxer au TVS ya bodaboda usiiguse. Ni nzuri kwa kazi yake, lakini miguu yake ni myembamba na haikuundwa kuruka na tairi pana. Na lazima atokee mtu pale karakanani, hasa Kisumu, akuambie uchukue sehemu ya mbele ya tuktuk kwa kuwa tayari ina magurudumu matatu. Mshukuru, mnunulie chai, uendelee na kazi.

Tatizo linaanza hapa. Tairi la mbele la kwadi lina upana wa inchi 7, yaani milimita 178. Nafasi kati ya miguu ya foku ya motokrosi inatosha tairi jembamba la pikipiki tu. Unahitaji vibano vipya, vile vinavyofunga miguu ya foku kwenye shingo, cha juu na cha chini, vinavyoiachanisha miguu. Hesabu ni hii: upana wa tairi, ongeza milimita 15 za hewa kila upande, ongeza kipenyo cha mguu pale ulipo mnene. Kwa mguu wa 60 utapata karibu milimita 270 kutoka kati hadi kati. Vibano hivyo vichongwe kutoka kipande kizima cha aluminiamu ya 6061-T6 au 7075 kwenye mashine, wala visiungwe kwa kuchomelea vipande. Kama huko kwenu hakuna mashine hiyo, tuma mchoro Nairobi. Ni gharama, lakini kibano cha chini kikikatika ukiwa mwendo wa kilomita 80 hakuna kitu kingine cha kukushikilia.

Wapo wanaokwepa kazi hii kwa kufunga gurudumu la pikipiki la inchi 21. Kwenye udongo mgumu linakubali. Kwenye vumbi la majivu ya volkano letu la Nakuru, lile linalomeza magari ya Safari Rally pale Naivasha, linazama kama jembe. Udongo mweusi wa Kano ukinyeshewa ni hadithi hiyo hiyo. Tairi pana la inchi 22 au 23 kwenye rimu ya 10 ndilo linalofaa huku kwetu.

Mlalo wa shingo na mburuto

Chora mstari unaopita katikati ya shingo hadi sakafuni. Kisha dondosha timazi kutoka katikati ya ekseli ya mbele. Umbali kati ya alama hizo mbili sakafuni ndio mburuto. Alama ya timazi ikiwa nyuma ya ile ya shingo, gurudumu linajinyoosha lenyewe. Umbali ukiwa mdogo mno, usukani utatetemeka kwenye matuta. Ukiwa mkubwa mno, mikono itachoka kabla ya mzunguko wa tatu.

Unaweza kuukokotoa kabla ya kukata chochote. Chukua nusu kipenyo cha tairi likiwa limebeba uzito, zidisha kwa saini ya pembe ya mlalo, toa msogezo (umbali ambao ekseli imetangulia mbele ya mstari wa shingo), gawanya kwa kosaini ya pembe hiyo. Pembe inapimwa kutoka wima.

Mfano: pikipiki ya motokrosi yenye mlalo wa digrii 27, nusu kipenyo 345 na msogezo 55 ina mburuto wa milimita 114. Chukua foku hiyo hiyo, weka tairi la kwadi lenye nusu kipenyo 270: mburuto unashuka hadi 76. Sasa simamisha shingo hadi digrii 25, kama wengine wanavyofanya ili ikate kona haraka, na msogezo uwe 60: umebaki na 60 tu. Ndiyo maana traiki nyingi za kuunganisha hutingisha kichwa hata kama kazi ya kuchomelea ni safi. Gurudumu limekuwa dogo, na hakuna aliyerudi kwenye hesabu.

Mimi nalenga digrii 27 hadi 28 na mburuto kati ya 75 na 95. Kwa digrii 28 na msogezo 55 unapata 81. Ukitaka zaidi, agiza vibano vyenye msogezo mdogo. Kwa msogezo wa 45 utafika karibu 93. Kwa hiyo usiagize vibano kabla ya kumaliza hesabu hii.

Vipimo vyote vichukuliwe traiki ikiwa imekaa kama itakavyokaa na mpandaji juu yake, springi zikiwa zimebonyea. Nyuma ikishuka kwa sentimita tatu, shingo inalala zaidi ya digrii moja.

Meza ya kushikilia fremu

Fremu ikikatwa mbele bila kushikiliwa hufunguka, na hutaijua tena ilikuwa wapi. Tengeneza meza kutoka chaneli mbili nzito za chuma, zisawazishe kwa pimamaji, kisha funga fremu kwa bolti kupitia mashimo ya injini na ya mkono wa nyuma. Injini nzima iwe nje; weka gamba tupu la injini kama unalo, au kipande cha chuma chenye mashimo yale yale. Simamisha nguzo mbele ya meza, na juu yake ushikilie shafti (fimbo ya chuma) ndefu iliyonyooka itakayopita ndani ya shingo mpya. Nguzo iweze kusogezwa mbele, nyuma na kuinama.

Uzi uliovutwa kutoka katikati ya ekseli ya nyuma hadi katikati ya shafti ndio utakaokuambia kama shingo iko katikati. Usiamini macho, wala usipime kutoka ukingo wa fremu ya zamani.

Kukata, kupanga na kuchomelea

Toa betri na kompyuta ya injini kwanza, hata kama unadhani hazitaguswa. Kata vishikilio vya mikono ya mbele, minara ya shokapu na bomba la usukani wa zamani. Zile bomba mbili za chini zinazokumbatia injini zibakishe ndefu, utazifupisha baadaye.

Nunua beringi za shingo kwanza, ndipo fundi wa kukereza achonge shingo kuzifuata. Shingo itoke kwenye bomba nene lisilo na mshono. Matundu ya kukalia beringi ndani ya shingo yaachwe madogo kwa nusu milimita, yachongwe hadi kipimo chake baada ya kuchomelea, kwa sababu joto huigeuza duara kuwa yai. Kama baada ya kuchomelea haitawezekana kuirudisha kwenye mashine, chomelea na shafti nene ikiwa ndani, na uiache hadi shingo ipoe kabisa.

Bomba za kuunganisha shingo ziwe za kipenyo cha milimita 28 hadi 32, unene wa 2.5 hadi 3. Kwenye maduka ya chuma uliza bomba jeusi lisilo na mshono. Bomba la maji lililopakwa zinki si la kazi hii: moshi wake unakulaza kitandani na mshono wake una matundu. Kila ncha ichongwe iwe na mdomo unaokumbatia bomba lenzake bila mwanya. Mwanya wa milimita tatu uliojazwa kwa waya si mshono.

Shingo ishikwe pande mbili angalau: bomba la juu linalokwenda nyuma hadi chini ya tangi, na mbili za chini zinazokutana na bomba za fremu. Kati yake weka vipande vya pembetatu vya bamba la milimita 3. Pembetatu hizo ziishie taratibu. Kona kali kwenye mwisho wa bamba ndiko ufa huanzia.

Kwa kuchomelea, TIG (ya gesi, waya ukilishwa kwa mkono) ni bora, MIG (ya gesi, mashine ikilisha waya yenyewe) inakubalika. Kama kilichopo ni welda ya fimbo pekee, tumia fimbo ya 7018 badala ya 6013 iliyozoeleka. 7018 ikishika unyevu haifai, kwa hiyo fungua pakiti mpya siku ya kazi, hasa ukiwa Kisumu karibu na ziwa. Gusa kwanza kwa madoa, pima kwa timazi na uzi, halafu chomelea vipande vifupi ukihama upande huu na ule. Ukimaliza upande mmoja wote kwanza, chuma kikipoa kitaivuta shingo kwako. Pima tena kila baada ya awamu.

Kabla ya kuchomelea mwisho, fanya jaribio moja. Toa springi ndani ya foku, funga gurudumu, ishushe foku hadi mwisho, kisha zungusha usukani kushoto na kulia. Tairi lisiguse fremu, rejeta, ekzosi wala mabomba. Kama linagusa, ongeza vipande ndani ya foku kupunguza mwendo. Foku ya motokrosi ina mwendo wa karibu milimita 300, na traiki inaridhika na 250. Chomelea vizuizi vya usukani ukiwa hapo hapo.

Habu na breki

Habu (kitovu cha gurudumu) ya mbele ya kwadi imeshikwa upande mmoja, kwa hiyo haitumiki. Kereza habu ya aluminiamu yenye beringi mbili, ekseli ipite katikati, na bamba la bolti nne kwa mduara wa milimita 144 ambao ndio wa rimu za mbele za kwadi za mbio za Honda na Yamaha. Rimu za kwadi hazina kina sawa pande zote, basi pima kina chake kwanza ili katikati ya tairi iangukie katikati ya miguu, si katikati ya habu. Upande wa pili uchukue diski ya motokrosi.

Kalipa na pampu ya breki vitoke kwenye pikipiki ileile ya foku. Pampu ya kwadi ilikuwa ikisukuma kalipa mbili, na ukiipa moja breki inakuwa ngumu kama jiwe bila kushika.

Nyuma, gia na injini

Tairi za 20x10-9 ukizibadilisha na 18x10-8 unashusha nyuma milimita 25, na gia zote zinapungua kwa asilimia 10. Kama sproketi ya nyuma ina meno 38, funga ya 34 kurudisha mwendo wa awali, au iache hivyo kama njia zako zina kona nyingi.

Injini yenyewe: Nakuru iko karibu mita 1850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu karibu mita 1130. Kabureta iliyopangwa kwa pwani itamimina mafuta mengi mno Nakuru; shusha jeti kuu (kijitundu kinachopima mafuta ndani ya kabureta) namba moja moja huku ukisoma rangi ya plagi, na ukiteremka Kisumu kwa mashindano beba zile kubwa. Hewa nzito ikikutana na jeti ndogo iliyosahaulika kule chini, pistoni ndiyo inayolipa.

Usiendeshe bila vizuizi vya miguu vyenye wavu kati ya kikanyagio na tairi la nyuma. Ajali ya kawaida ya traiki ni mpandaji kuteremsha mguu kwenye kona, tairi la nyuma likaupanda. Weka pia swichi ya kuzima injini yenye kamba ya kufunga mkononi.

Jaribio la kuinamisha na safari ya kwanza

Weka traiki juu ya jukwaa la mbao nene, funga gunia la mchanga lenye uzito wako kwenye kiti, kifua kikiwa na sehemu kubwa ya mzigo. Funga kamba legevu ya kuizuia isianguke. Inua upande mmoja wa jukwaa polepole, ukipima pembe kwa simu. Gurudumu la juu likianza kuachana na mbao, soma. Digrii 26 na nusu ni sawa na ile 0.5 ya mwanzo; 31 ni sawa na 0.6. Ikija chini ya 26, rudi kwenye upana na urefu kabla ya kuwasha injini.

Traiki haina nambari ya usajili wala bima, kwa hiyo ipande pikapu hadi uwanjani. Shamba la mahindi lililovunwa, kwa ruhusa ya mwenyewe, ni pazuri. Anza kwa gia ya pili, miduara mipana, ukijifunza kutoa makalio ndani ya kona na kufungua mafuta mapema. Ekseli ya nyuma haina difu ya kuruhusu magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti, kwa hiyo chombo kinataka kwenda moja kwa moja hadi gurudumu la ndani lipunguziwe uzito. Kufungua mafuta kunapeleka uzito nyuma, ambako chombo ni kipana. Breki ya mbele katikati ya kona inapeleka uzito mbele, ambako hakuna upana wowote. Breki zote ziishe kabla ya kugeuza.

Baada ya nusu saa ya kwanza kaza bolti zote za vibano na ekseli, na ukague beringi za shingo kama zimelegea. Viungo vya shingo viache bila rangi nzito kwa miezi ya kwanza. Safu nyembamba ya nyeupe inatosha, na ufa ukianza utauona kama mstari mweusi au wa kutu. Ukiuona usimwage waya juu yake. Kata pembetatu iliyo karibu, tafuta ufa unaishia wapi, toboa tundu dogo kwenye mwisho wake, saga mshono wote wa zamani hadi chuma safi, kisha chomelea upya fremu ikiwa imerudishwa kwenye meza.